Mahali pa Kupishana

Mutua alinipigia simu Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa nachambua mbaazi kwenye ungo. Ni mzee sasa, amestaafu kazi ya uaskari wa msitu, anafuga mbuzi huko Tseikuru na kuwauzia wafanyabiashara wa mifugo wanaotoka kaskazini mashariki, na simu haipendi hata kidogo. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua. "Mwalimu," akasema, "yule mama ametuacha." Nikamuuliza mama yupi. "Yule wa jikoni." Hapo nikajua. Alikuwa anamsema Mama Ndinda, mama mzazi wa mke wake, mwanamke aliyekuwa jirani yake kabla hajawa mkwe wake, na hata siku ya kifo chake hakuthubutu kumtaja jina. Niliweka ungo chini nikalia, naye akaniuliza kama nilikuwa na mtu wa kunipeleka Migwani kwenye mazishi.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, familia iliniomba niandike historia ya marehemu ya kusomwa kaburini. Niliandika kurasa tatu. Siku ya pili mjukuu mmoja, kijana mzuri, mwenye adabu, akanirudishia kurasa mbili. "Mwalimu, hii ya kugombana na watu wa msitu tumeitoa," akasema. "Watu watafikiri nyanya yetu alikuwa mkorofi." Mahali pa kurasa mbili zilizotolewa waliweka sentensi moja: kwamba marehemu alikuwa mama mtiifu ambaye hakuwahi kupingana na mtu. Nilisimama pale kaburini nikaisikiliza sentensi hiyo ikisomwa kwa kipaza sauti, na nikasikia hasira niliyodhani nimeistaafisha pamoja na chaki. Mtiifu! Ikiwa mbinguni wamempokea kwa sentensi hiyo, basi wamepokea mtu mwingine. Mama Ndinda alikuwa mkorofi, na mimi namshukuru Mungu kwa ukorofi wake, na hizi ndizo kurasa zangu mbili, nimezirudisha na nimeongeza nyingine.

Mwaka wa ugomvi ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mdomo mrefu na viatu vya jozi moja. Nilipata kazi kwenye nyumba ya wageni ya kanisa letu chini ya kilima cha Kyandumu, ambapo watu walikuja kutoka kila upande wa Ukambani kupanda na kuomba. Wengine walipanda na kushuka siku hiyo hiyo. Wengine walikaa kileleni siku tatu wakifunga, ndani ya pango, na mtu alihitajika kuwapelekea uji mwepesi wa kufungulia, maana tumbo lililolala njaa siku tatu ukilipa ugali linakupiga. Mtu huyo alikuwa Mama Ndinda. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, na mimi nilikuwa mikono yake. Alikuwa mfupi, mweusi, na alivaa leso mbili kila siku, moja kiunoni na moja kichwani. Hakujua kusoma, lakini mahindi akiyashika tu alijua yamekobolewa vizuri au mtu amemdanganya.

Jiko letu lilikuwa chumba cha mabati chenye moshi wa miaka mingi kwenye kuta. Sufuria ya muthokoi ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliikoroga nikiwa nimesimama juu ya kigoda, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu yakichemka pamoja na mbaazi tangu alfajiri. Upande wa kulia tulitenganishwa na ofisi ya msitu kwa ukuta wa mbao tu, kwa sababu kilima chote kilikuwa ndani ya msitu wa hifadhi na kanisa na serikali walikuwa wamegawana jengo moja. Mbao zile ziliachana kidogo kidogo kadiri zilivyokauka. Nilisikia kila kitu kilichosemwa upande ule, na sioni aibu kusema hivyo. Anayetaka siri asijenge ofisi karibu na jiko.

Njia yenyewe ilianzia nyuma ya jiko letu, ikapita lango la waya, ikapanda msituni hadi kileleni kwa mapumziko saba, na kila pumziko lilikuwa na mawe ya kukalia na wimbo wake. Ilikuwa nyembamba. Mtu mwenye mzigo kichwani aliijaza yote. Kati ya pumziko la tatu na la nne palikuwa na mahali tulipopaita Kiunoni, jiwe kubwa upande wa juu na mteremko wa vichaka upande wa chini, na hapo hata mbuzi wawili wasingepita bega kwa bega. Niliipanda njia ile mara mbili kwa juma nikimfuata Mama Ndinda, yeye na mtungi wa uji, mimi na vikombe. Alipanda bila kuhema. Mimi nilikuwa nahema na kuongea, na yeye aliniambia nichague moja.

Mwezi wa tatu akaletwa mkuu mpya wa msitu. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mrefu, safi, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga ubao langoni wenye herufi nyekundu: USITOKE NJIANI. Kabla ya juma kuisha tulikuwa tumemwita Usitoke, na jina hilo lilimkaa mpaka alipohamishwa. Nataka nimtendee haki, kwa sababu yeye hayupo hapa kujitetea. Msitu ulikuwa unaibiwa. Watu walikuwa wakichimba msandali na mizizi yake na kuuza, na miche aliyopanda kando ya njia ilikuwa inakanyagwa. Alipenda miti, naweza kuapa. Aliijua miche yake kama mwalimu anavyojua darasa la kwanza. Kosa lake ni kwamba alidhani mtu akiingia kichakani kuna mambo matatu tu anayoweza kuyatafuta: kuni, msandali, au choo.

Mwezi uliofuata akaajiri askari wanne wa kushika doria, na mmoja wao alikuwa Mutua, kijana wa kijijini kwa Mama Ndinda. Mwaka uliotangulia Mutua alikuwa amemwoa Ndinda. Sasa sikia. Kwetu, mkwe na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso. Hawaitani majina, hawashikani mikono, hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anatoka, anaingia kichakani na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Heshima hiyo inaitwa nthoni. Siku hizi vijana wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, na sisemi kitu, kila mtu na wakati wake. Lakini kwa Mama Ndinda nthoni haikuwa mchezo. Siku ya kwanza tulipokutana na Mutua njiani, mimi sikusikia chochote. Yeye alisikia buti. Aliteremsha mtungi, akaniambia, "Simama na hii," akaingia miongoni mwa miiba, akachuchumaa akiwa ametupa mgongo, leso juu ya kichwa. Mutua akapita amegeukia jiwe, shingo imempinda, akanisalimia mimi bila kuniangalia. Nilicheka. Nilikuwa na vyeti vya shule na akili kidogo.

"Unacheka nini?" Mama Ndinda aliniuliza alipotoka, akijichomoa mwiba kwenye kiganja.

"Mwaitu, mama yangu, si yule ni Mutua tu? Alikuwa anakuja kwako kuomba maziwa akiwa mtoto."

"Alikuwa Mutua. Sasa ni muthoni wangu. Ukiona mimi naingia kwa miiba, wewe jua ninashikilia nyumba ya mtoto wangu isianguke. Siku yeye atanizoea, atamzoea na Ndinda, aanze kumwongelesha vile anataka. Beba vikombe twende."

Mwezi wa tano Usitoke akamkamata. Alikuwa ameona matawi yaliyovunjika sehemu tano au sita, na nyayo ndogo za mwanamke, akajificha akangoja, na kweli akaona leso kichakani. Mama Ndinda akaletwa ofisini. Mimi nilikuwa nikikanda unga wa chapati za wageni, na mikono yangu ikasimama. Kupitia mbao nilimsikia Usitoke akiuliza, kwa sauti ya upole, hakuwa mtu wa kupiga kelele: "Mama, ulikuwa unatafuta kuni?" Hapana. "Ulikuwa unajisaidia?" Hapana. "Basi ni msandali." Hapana. "Sasa ulikuwa unafanya nini huko?" Kimya. Aliuliza tena. Kimya. Hangeweza kujibu, maana kujibu ni kumtaja mkwe wake mbele ya wanaume, na mkwe mwenyewe alikuwa amesimama nje ya mlango, nilimwona dirishani, jasho linamtoka, hawezi kuingia kwa sababu mama yumo, hawezi kusema kwa sababu ni juu ya mama. Watu wawili walikuwa na jibu moja na wote wawili walikuwa wamefungwa mdomo nalo.

Mimi sikufungwa. Niliingia ofisini na unga hadi viwikoni nikasema, "Alikuwa anampisha mkwe wake! Mutua ni mkwe wake! Muulize Mutua!" Nilijiona shujaa. Kisha nikamtazama Mama Ndinda, na alikuwa amevuta leso ikamfunika uso mzima. Nje Mutua alikuwa ameondoka mlangoni. Nilikuwa nimelitaja jina lile mara mbili, yeye akiwa hapo, watu wakisikiliza. Halikusaidia hata kidogo. Usitoke aliandika kwenye daftari lake, akafunga kalamu, akasema, "Mama, mimi naheshimu mila. Lakini msitu haujui mkwe. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Mpaka uache hayo mambo, hutapanda tena." Kwa siku tatu Mama Ndinda hakuniongelesha. Alinipakulia muthokoi wa chini ya sufuria, ulioungua, na niliula wote. Siku ya nne alisema, "Mumbe, mtu akizama, unamwokoa na nguo zake," kisha akanituma maji.

Sasa hapa ndipo watu wanaposahau jambo. Wanafikiri alinyimwa matembezi. Mwanamke yule alikuwa akipanda Kyandumu tangu akiwa msichana. Watoto wawili aliowazika, aliwalilia kule juu. Njaa ilipokuja alipanda, mvua iliponyesha alipanda kushukuru. Uji wa wafungaji ulikuwa huduma yake, na hakuna mtu aliyempa ila yeye mwenyewe. Nikawa napanda peke yangu na mtungi, na kila mara niliporudi alikuwa amekaa kwenye jiwe la mlangoni, ananiuliza nani yuko juu, anaomba nini, ameshuka uzito kiasi gani. Nilimjibu yote. Alikuwa anakonda mwezi baada ya mwezi, na hakuwa anafunga.

Mwezi wa sita mchungaji alikuja kuzungumza na Usitoke, na nilisogeza kigoda changu karibu na mbao. Mchungaji alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaishe haraka. "Hii kitu ni ndogo," alisema. "Kuna vile huwa inaondolewa. Mkwe anapeleka mbuzi moja na blanketi, wanasalimiana, nthoni imeisha. Na sisi kanisani tunasema haya mambo ya kale yamepita." Usitoke akafurahi, akasema hata yeye angechangia blanketi. Walimwita Mama Ndinda kutoka jikoni. Alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mchungaji," akasema, "hiyo blanketi inaletwa na mkwe mwenyewe, siku yeye na mimi tumezeeka na tumeona imetosha. Hailetwi siku askari anataka. Na si wewe ulitufundisha kanisani tuheshimiane? Mimi nimeheshimu. Mwenye anavunja ni nani?"

"Mama, lakini unataka kupanda au hutaki?"

"Nataka. Na nitapanda. Na nthoni nitapanda nayo." Akarudi jikoni, akakoroga sufuria kwa nguvu mpaka nikaogopa itapasuka.

Wakati huo huo Usitoke akaniita mimi. Alikuwa ameona mwandiko wangu kwenye vibandiko vya magunia, akanipa rejista ya langoni kwa majaribio: jina la anayeingia, anakotoka, saa, na safu ya mwisho iliyoandikwa kwa wino mwekundu, "Aliyetoka njiani". Nikifanya vizuri hadi mwisho wa mwaka, aliniahidi kazi ya ukarani, ya kudumu. Siwezi kueleza jinsi nilivyoitaka kazi ile. Palikuwa na meza yenye droo, na droo ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa wangu. Sikuwa nimewahi kumiliki kitu kinachofungwa. Nilikuwa nalala nikiwa nimeushika. Mama Ndinda aliona yote hayo, na hakunisema vibaya. Alisema tu mwandiko mzuri ni baraka, ilimradi mtu ajue anaandika nini.

Mwezi wa nane ndio uliokuwa mwezi wa mpando mkuu. Lori la akina mama lilifika kutoka Salama wakiimba, wengine wakaja kwa miguu kutoka Migwani, na bweni likajaa hadi watu wakalala chini ya meza za kulia. Asubuhi yake, baada ya chai, Mama Ndinda alivua aproni, akaikunja, akafunga leso yake mpya, akaubeba mtungi. Alijipanga katikati ya akina mama wa Salama, wakapita langoni wakiimba, na mimi nikaandika jina lake kwenye rejista kama nilivyoandika ya wengine. Usitoke alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilidhani atamshika palepale. Badala yake akaniambia nichukue rejista nimfuate, akapanda haraka kwa njia ya askari, na tulipofika Kiunoni nikaelewa. Mutua alikuwa amesimama pale, katikati ya njia, amevaa sare. "Mama akifika hapa," Usitoke alimwambia, "wewe ndiye utamzuia. Mwambie kwa mdomo wako arudi. Siku ukiongea naye mara moja, haya mambo yameisha, na nyote mtanishukuru. Akitoka njiani, umkamate. Usipofanya hivyo, hiyo sare uiache ofisini."

Sidhani alikuwa mtu mbaya. Lakini jambo hilo lilikuwa baya, na nilimchukia kwalo, na bado namchukia kidogo ninapoandika. Tulisikia wimbo ukipanda. Akina mama walitokeza mmoja mmoja kwenye kona, Mama Ndinda akiwa wa nne. Walio mbele yake walimwona askari, wakajibana kwenye jiwe, na njia ikabaki kati ya watu wawili. Wimbo ukafa. Mama Ndinda aliinua macho, akaona buti, akayashusha hapo hapo. Nilimwona akitazama mteremko, vichaka, mahali ambapo angeingia siku nyingine yoyote. Hakwenda. Aliuteremsha mtungi, akavuta leso usoni, akasimama palepale alipokuwa, miguu miwili juu ya njia. Alikuwa ameambiwa asitoke, na hakutoka. Wala hakurudi nyuma.

Usitoke alisema, "Mutua." Mutua akavua kofia yake. Akaiweka usoni, akageuka, akashuka kwenye mteremko, sare na buti na bunduki, akaingia vichakani hadi magotini, akasimama huko ametupa mgongo njia. Ndiye aliyetoka. Mbele ya mkuu wake, mchana, watu wote wakiona, askari wa kuzuia watu wasitoke njiani alitoka njiani. Mama Ndinda aliubeba mtungi wake akapita. Hakutazama upande ule. Lakini alipofika usawa wa Mutua alipunguza mwendo, akainamisha kichwa, na nikasikia akisema kwa Kikamba, kama anayeongea na jiwe, "Mungu akuweke." Na wale akina mama wa Salama, ambao Mutua hakuwa mkwe wao, ambao wengine hata hawakumjua, walipita mmoja mmoja nyuma yake, na kila mmoja alipofika pale alivuta leso usoni. Walikuwa zaidi ya arobaini. Hakuna aliyeimba mpaka wa mwisho alipopita.

Alasiri Usitoke alinikalisha kwenye meza yenye droo, akaniwekea karatasi. "Andika ulichoona," akasema. "Andika kwamba askari alitoka njiani akiwa kazini, kwa sababu mwanamke aliyekatazwa alimlazimisha. Weka sahihi. Wakubwa wanakuja kesho kuona mahali penyewe." Nadhani alikuwa na aibu, maana msumeno wake ulikuwa umekata upande wa nyuma. Nilikuwa najua nikiandika alivyotaka, droo itabaki yangu. Pia nilijua mambo mengine: jinsi nilivyoingia na unga mikononi nikatangaza jina la mtu, na jinsi muthokoi ulioungua unavyonata kooni. Niliandika mistari miwili. Usitoke aliichukua akaisoma, akaisoma tena, kisha akaenda nayo kwenye chumba cha kulia, ambamo watu walikuwa wanakula, akasoma kwa sauti ili nione haya. "Niliona watu wawili wakipishana. Wote wawili walikuwa njiani."

"Wote wawili njiani!" alisema. "Mutua alikuwa kwenye vichaka, na wewe ulikuwa hapo na rejista mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, msichana. Kesho wakubwa wataona pale ni mteremko, hapana njia, na watajua wewe ni mwongo." Watu waliacha kula. Nilitoa ufunguo mfukoni, nikauweka mezani kando ya sahani ya mtu, nikasema sibadilishi neno. Mama Ndinda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Kwa kuwa hakujua kusoma, alikuwa amengoja isomwe. "Amesema wote wawili walikuwa njiani?" akamuuliza mwanamke wa Salama aliyekaa karibu. Yule akasema ndiyo. Mama Ndinda akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, na baadaye nikamsikia akiongea na akina mama bwenini kwa sauti ya chini, mambo ya majembe.

Niseme gharama yake, nisije nikaonekana nasimulia ushindi wa bure. Mutua alipewa barua ya uhamisho kwenda Tseikuru, mbali na mke aliyekuwa na mimba ya kwanza, na ndivyo alivyokuja kuzeekea huko. Mimi kazi ile sikuipata. Niliwaoshea watu sufuria hadi mwaka ukaisha, nikaenda chuo cha ualimu kwa kuchelewa, nikaingia darasani nikiwa mkubwa kuliko wenzangu. Nimefundisha watoto wengi insha, na kila mwaka nimeulizwa na mtoto mmoja mjanja kama kuna siku mtu anaweza kuandika jambo ambalo si kweli. Nimewajibu kwamba hapana. Nimewajibu hivyo nikijua nilichoandika mimi. Mtu aliye mstaafu anaweza kukiri: sentensi ile, siku niliyoiandika, haikuwa kweli.

Lakini asubuhi iliyofuata, baada ya mistari ile miwili kusomwa, tuliamshwa na mlio wa chuma kwenye mawe. Ulitoka kilimani. Usitoke alitoka ofisini bila soksi, akapanda karibu akikimbia, na mimi nikamfuata, na wale wakubwa wawili waliokuwa wameshuka tu kwenye gari lao wakatufuata wakihema. Kiunoni palikuwa pamejaa wanawake. Walikuwa wameitana mwethya, kazi ya pamoja, kama tunavyoitana kwa kuchimba silanga la kutega maji ya mvua au kujengea mjane nyumba: wa Salama, wa Migwani, wa kijiji, wengine na majembe, wengine na mitaimbo, wengine wakipokezana mawe kwa mikono. Hawakuwa wamekata mti hata mmoja. Mche uliokuwa katikati walikuwa wameung'oa na udongo wake wakaupanda pembeni, na mtu alikuwa akiumwagilia kwa kikombe cha uji. Mahali ambapo Mutua alisimama jana palikuwa tayari pamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe na kujazwa kifusi, pakakanyagwa pakawa sawa na njia, pana kiasi cha mtu mmoja kusimama amegeuza mgongo.

"Nani amewapa ruhusa?" Usitoke aliuliza. Hakuna aliyeacha kazi. "Mama! Nawauliza, mnafanya nini?"

Mama Ndinda alishika jiwe alilokuwa nalo, akalikalisha mahali pake, akalisukuma kwa goti kuona kama linacheza. Halikucheza. Akajifuta mikono kwenye leso.

"Huyu msichana ameandika kwamba hapa ni njia," akasema. "Hatutaki aitwe mwongo."